Nani Mwenye Mchoro? Historia ya Vipuri Vidogo na Uhuru wa Uchumi Wetu

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka kwamba njia kuu za uchumi lazima ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Fundisho hilo lilikuwa sahihi. Lakini kila kada aliyepata kusimama mbele ya mashine iliyokufa kwa ajili ya gia moja yenye ukubwa wa kiganja anajua kwamba suala la umiliki halimalizikii kwenye jengo la kiwanda. Kiwanda chaweza kuwa cha umma, meneja akawa mwananchi, wafanyakazi wakawa na kamati zao, na bado kiwanda hicho kikabaki mtumwa wa ofisi moja iliyo ng'ambo, kwa sababu ofisi hiyo ndiyo yenye mchoro wa gia ile.

Makala haya yanajadili historia ya jambo hilo ambalo mara nyingi tumelipita kama dogo: katika nchi yetu, ni nani amekuwa akisanifu vipuri vidogo vya mashine, ni nani alinyimwa kazi hiyo, na mtu mwenye haja ya kipuri kisichouzwa dukani alikwenda kwa nani. Kada asidhani kwamba haya ni mambo ya mafundi peke yao. Palipo na swali la nani anajua na nani hajui, nani anaamua na nani anasubiri, hapo pana siasa.

1. Ufundi kabla ya wageni

Wakoloni walitufundisha kwamba chuma kililetwa na wao. Uongo huo umekwisha kufichuliwa na sayansi yenyewe. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao magharibi ya Ziwa Viktoria. Walieleza kwamba mababu wa Wahaya walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kupata chuma cha pua kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuri, wakafukuta viriba, na chuma kikatoka mbele ya macho ya watafiti. Ufipa kulikuwa na matanuri marefu ya udongo, na Upare kulikuwa na ukoo wa Washana uliosifika kwa uhunzi.

Kwa somo letu la leo, jambo la kuzingatia ni hili: katika ufundi ule, aliyesanifu na aliyetengeneza walikuwa mtu mmoja. Mkulima alikwenda kwa mhunzi, akaeleza udongo wa shamba lake, na mhunzi akalifua jembe kulingana na udongo huo. Mchoro ulikuwa kichwani mwa mhunzi na mikononi mwake. Hiyo ilikuwa nguvu ya ufundi ule. Ilikuwa pia udhaifu wake, maana mhunzi alipokufa bila mrithi, mchoro ulizikwa pamoja naye. Tusiitazame historia yetu kwa kujisifu tu. Tuitazame ili tujue tulichokuwa nacho na tulichokosa.

2. Ukoloni: mikono iliruhusiwa, akili ilikatazwa

Majembe ya kiwandani yalipoanza kumiminika kutoka Ulaya, wahunzi walipoteza wateja, na matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Mahali pa mhunzi palichukuliwa na karakana ya mkoloni. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na reli haiwezi kuishi bila karakana. Humo Waafrika walijifunza kushika tupa, nyundo na mashine ya kukereza.

Vita Kuu ya Kwanza ilitoa ushahidi mkubwa. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji. Wajerumani, waliokuwa wamezingirwa baharini na kukatiwa shehena, waliopoa mizinga yake 10 kutoka majini, na magari ya kuivutia yakatengenezwa katika karakana ya Dar es Salaam. Kwa hiyo uwezo wa kutengeneza vitu vipya hapa hapa ulikuwapo tangu wakati huo. Mkoloni aliutumia ilipomlazimu kwa ajili ya vita vyake. Amani iliporudi, karakana ilirudishwa kwenye kazi ya kukarabati tu.

Ushahidi wa pili ni Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga. Yaliletwa matrekta yaliyokwisha kutumika, mengine mabaki ya vita, yakiwa ya aina nyingi. Udongo wa Kongwa ulikuwa mkali, vyuma vililika, vipuri havikulingana, na matrekta yakalala. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza yapata pauni milioni 36. Bepari hakufilisika Kongwa kwa kukosa fedha. Alifilisika kwa kuleta mashine zilizosanifiwa kwa ardhi nyingine bila kumwuliza mtu wa ardhi hii.

Mgawanyo wa kazi wa kikoloni ulikuwa wazi. Mwafrika aliruhusiwa kufungua nati na kukaza nati. Kuchora nati ilikuwa kazi ya Mzungu. Mwalimu Nyerere alipata kueleza kwamba Waingereza walipoondoka nchi ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Karakana zilikuwa na mafundi, lakini ofisi ya michoro ilikuwa tupu.

3. Kiwanda kimoja, vipimo vya mataifa mengi

Baada ya Azimio tulitaifisha viwanda na kujenga vingine. Kiwanda cha Urafiki kilianza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Katika mashamba ya katani tulirithi mashine za Corona za kampuni ya Krupp ya Ujerumani na mashine za Robey zilizotoka Lincoln, Uingereza. Kila rafiki na kila mkopeshaji alileta mashine zake, na kila mashine ilikuja na lugha yake ya vipimo.

Hapa inafaa wanachuo waelewe jambo la kiufundi, maana bila hilo siasa yake haieleweki. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi za skurubu kwa nchi yake, hesi zenye pembe ya nyuzi 55, zikipimwa kwa inchi. Hesi za milimita zinazotumika ulimwenguni leo zina pembe ya nyuzi 60. Bolti moja ya Kiingereza na moja ya Kijerumani zaweza kufanana machoni, lakini ukiilazimisha moja kwenye nati ya nyingine utaharibu zote mbili.

Gia ni vivyo hivyo. Chukua gia ya kawaida yenye meno 30 ambayo upana wake wa nje ni milimita 96. Ongeza 2 kwenye idadi ya meno upate 32, gawanya 96 kwa 32, utapata 3. Namba hiyo huitwa moduli, nayo ndiyo jina la ukoo wa gia. Gia nyingine ya meno 30 iliyotoka katika mashine ya inchi yaweza kuwa na upana wa milimita 101.6, ambao ni inchi 4 kamili. Hiyo ni ya ukoo mwingine, na fundi akiikata kwa kisu cha moduli 3 meno hayatashikana. Fundi asiyejua hesabu hii atakata gia nzuri ya kutazama, itakayosaga wenzake ndani ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo tulipotaifisha mashine tulirithi pia historia ya ubepari wa Ulaya iliyochongwa katika kila jino na kila hesi. Hati ya umiliki ilibadilishwa kwa siku moja. Ujuzi wa vipimo ulihitaji miaka.

4. Jitihada za Chama na Serikali

Itakuwa ni kupotosha historia tukisema kwamba tatizo hili halikuonekana. Liliona, na hatua zilichukuliwa. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka huo huo lilianzishwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO. Mwaka 1975 nchi ilipitisha mkakati wa viwanda mama wa miaka 20, uliolenga kuzalisha chuma, zana na mashine ili viwanda vizae viwanda.

Ndipo majaribu yakaja mfululizo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Karakana kuu ya reli ilikuwa Nairobi, na kwa usiku mmoja, kwa kusema hivyo, injini zetu zikawa hazina kwao. Mwaka 1978 na 1979 tulipigana vita vya kumng'oa nduli Idi Amin. Bei ya mafuta ilipanda, fedha za kigeni zikakauka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vingi vilifanya kazi chini sana ya nusu ya uwezo wake. Wafanyakazi walikuwapo, pamba ilikuwapo, katani ilikuwapo. Kilichokosekana mara nyingi ni beringi, bushi au shafti.

Katika dhiki hiyo vilizaliwa vyombo ambavyo mpaka leo kada anapaswa kuvifahamu kwa majina. Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, TIRDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Shirika la Uhandisi na Usanifu wa Mitambo, TEMDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, makao yake yakawa Arusha. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kiliundwa mwaka 1981, nacho Arusha. Mwaka huo huo Chuo Kikuu kilianzisha taasisi ya ubunifu wa uzalishaji ili wahandisi wake watoke darasani waende viwandani. Karakana ya Mang'ula, iliyojengwa na Wachina wakati wa ujenzi wa reli ya Uhuru yenye urefu wa kilometa 1,860, iligeuzwa kuwa kiwanda cha mitambo. Huko Moshi kilijengwa kiwanda cha mashine za kukereza, KMTC, kwa msaada wa Bulgaria.

Tutazame TEMDO kwa makini. Sheria ya nchi ilitaja usanifu wa mitambo kuwa kazi ya chombo cha umma. Yaani dola ilikubali kwamba mchoro ni nyenzo ya uzalishaji mali, sawa na ardhi na mashine. Hilo lilikuwa pigo kwa fikra za kikoloni, hata kama wengi wetu hatukulitambua.

5. Tujikosoe

Chama kisichojikosoa huoza. Vyombo vilikuwapo, lakini havikuleta matunda yote yaliyotarajiwa, na hatuwezi kuwalaumu mabeberu kwa kila kitu.

Kosa la kwanza lilikuwa la uongozi. Mikopo mingi ilikuja na sharti la kununua kwa mkopeshaji. Meneja wa shirika la umma aliona ni rahisi kuagiza kipuri kwa mkopo kuliko kukaa na mhandisi Mtanzania, kumweleza tatizo, kumlipa na kumvumilia akikosea mara ya kwanza. Kwa hiyo wasanifu walikosa kazi, na kwa kukosa kazi walikosa uzoefu, na kwa kukosa uzoefu wakaitwa hawawezi.

Kosa la pili lilikuwa la kitabaka. Mfumo wetu wa ufundi una ngazi tatu: fundi mchundo anayekata chuma, fundi sanifu anayechora na kupima, na mhandisi anayekokotoa na kuamua. Katika karakana iliyo hai watu hawa watatu hukaa meza moja. Kwetu mara nyingi mhandisi alikaa ofisini na tai yake, fundi mchundo akabaki na mafuta yake mikononi, na fundi sanifu, ambaye ndiye daraja baina yao, alikuwa haba kuliko wote. Tulirithi dharau ya kikoloni kwa kazi ya mikono, tukaivalisha joho la shahada.

Kosa la tatu lilikuwa la kumbukumbu. Mafundi wa mitaani, Gerezani na kwingineko, walitengeneza maelfu ya vipuri kwa akili yao wenyewe, lakini kila kipuri kilipimwa upya kana kwamba hakijawahi kutengenezwa. Tulirudia udhaifu wa mhunzi wa kale: mchoro kichwani mwa mtu mmoja.

Mageuzi ya uchumi kuanzia mwaka 1986, na ubinafsishaji wa miaka ya 1990, yalilikuta jambo hili halijakomaa. Viwanda vingi vilifungwa. Kiwanda kinapofungwa na mashine kuuzwa kama chuma chakavu, hakipotei chuma peke yake. Hupotea makabati ya michoro, na hupotea wazee waliojua kwa nini shafti fulani iliongezwa milimita mbili.

6. Parafujo la kinu cha alizeti

Mfano mmoja utaonyesha kwamba haya hayajapitwa na wakati. Katika ziara ya mafunzo mkoani Singida, wanachuo wetu walikuta kikundi cha akina mama wenye kinu cha kukamulia alizeti. Kinu hicho kilitoka ng'ambo. Parafujo lake, lile linalosukuma na kubana mbegu, lilikuwa limelika, na muuzaji hakuwa na jingine. Kikundi kilikuwa kimelipa mara tatu. Parafujo la kwanza lilikerezwa kutoka katika shafti kuukuu ya gari likalika kwa wiki chache. La pili lilijazwa kwa kulehemu likapasuka. La tatu lilikuwa nene mno, likakwama. Akina mama walikuwa wamekwisha kuafikiana kukiuza kinu kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Fundi sanifu kijana, aliyefuatana nasi, aliomba apewe siku mbili kabla kinu hakijauzwa. Hakuanza kwa kupima. Alianza kwa kuuliza: mbegu zinatoka wapi, zinaanikwa wapi, zinachekechwa vipi? Mama mwenyekiti akajibu kwamba zinaanikwa chini na hazichekechwi. Kijana akachota kiganja cha mbegu, akazipuliza, mchanga ukabaki mkononi. "Mama," alisema, "adui yako wa kwanza ni huu. Hata nikuchoree parafujo la chuma gani, mchanga utalitafuna."

Ndipo akapima. Alipima sehemu zisizolika, maana sehemu iliyolika hudanganya. Alipima pia kasha ambamo parafujo huzunguka, kwa sababu kipuri hakiishi peke yake. Huishi kwa nafasi iliyopo baina yake na jirani yake. Alichora kwa milimita, akaandika aina ya chuma, na namna ya kukigandisha ugumu juu: kipande hufukiwa katika mkaa ndani ya sanduku la chuma lililozibwa, hupashwa moto wa nyuzi 900 hivi kwa saa kadhaa, kisha huzimwa ghafla. Kaboni ya mkaa huingia katika ngozi ya chuma na kuifanya ngumu, huku moyo wake ukibaki mstahimilivu. Wanachuo waliokwisha kusoma habari za matanuri ya Buhaya walitazamana. Chuma na mkaa, ujuzi wa mababu, ulikuwa umerudi ukiwa na kipimo na karatasi.

Jambo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Aliyekereza parafujo la nne ni fundi yule yule aliyekosea la kwanza. Mkono wake haukuwa na kasoro tangu mwanzo. Hakuwa na mchoro. Kinu kilifanya kazi msimu mzima, parafujo likalika kwa kiasi, na la tano likachorwa likiwa na marekebisho. Mchoro unakaa katika faili la kikundi pamoja na daftari la akiba.

7. Kazi iliyo mbele ya kada

Kutokana na historia hii tunapata majukumu manne.

Kwanza, kada ajue pa kuelekeza watu. SIDO inatoa huduma mikoani. TEMDO na CAMARTEC zipo Arusha. Zipo taasisi na vyuo vya ufundi Dar es Salaam, Arusha na Mbeya vyenye wakufunzi, karakana na wanafunzi wanaotafuta kazi halisi ya kujifunzia. Kikundi kinachokata tamaa kilometa chache kutoka chuo cha ufundi ni aibu ya kada wa mahali hapo.

Pili, kada awafundishe wananchi kuuliza vizuri. Anayetafuta msaada wa usanifu apeleke kipuri kilichoharibika hata kama ni vipande, na kipuri kinachoshikana nacho. Aeleze mashine inabeba mzigo gani, inazunguka kwa kasi gani, inafanya kazi kwenye vumbi, maji au joto, na anahitaji kimoja au hamsini. Kipuri kimoja hukerezwa. Hamsini huenda ikafaa kusubu kwa kalibu. Na aeleze kilivunjikaje, maana namna ya kuvunjika ni shahidi.

Tatu, mchoro uwe mali ya anayeulipia. Kikundi, ushirika au kiwanda kinapolipia usanifu kipokee kipuri na mchoro wake, wenye tarehe na jina la aliyeuchora. Leo michoro huchorwa kwa kompyuta na kutunzwa katika chombo kidogo kuliko kidole. Kisingizio cha kukosa kabati hakipo tena.

Nne, sisi wakufunzi wa siasa tujirekebishe. Tumekuwa tukifundisha nyenzo za uzalishaji mali kwa miaka mingi bila kumwonyesha mwanachuo nyenzo hata moja. Kila kozi ya makada iwe na siku ya karakana. Mwanachuo apime gia kwa mkono wake na aone tofauti ya milimita 96 na milimita 101.6. Akishaiona, hatahitaji hotuba ndefu kuhusu utegemezi.

Azimio la Arusha lilisema kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba maendeleo yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watu wanaotajwa hapo ni pamoja na fundi mchundo wa mtaani, fundi sanifu aliyemaliza chuo jana na mhandisi aliye ofisini. Uongozi bora ni ule unaowakalisha meza moja mbele ya kipuri kilichovunjika, na usiondoke mpaka mchoro umekwisha.